Lugha Ndogo Kama Chumvi

Mpwa wangu aliyeko Marereni, kule kwenye mashamba ya chumvi, anajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Lua. Babake amekasirika: "Kwa nini husomi lugha inayojulikana, upate kazi?"

Shemeji, hebu tulia. Lua, yaani mwezi kwa Kireno, ilibuniwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil. Nje ya huko wachache waliijua. Mwaka 1996 wabunifu wake waliieleza katika jarida la Marekani la waandishi wa programu, Dr. Dobb's Journal. Mtaalamu wa kampuni ya LucasArts akasoma, na mchezo wao wa Grim Fandango wa 1998 ukaitumia. Leo imo hata ndani ya Wikipedia.

Siri yake ni ile ya chumvi ya kwenu: hutiwa ndani ya programu kubwa, ikakolea. Tena ni bure.

Lakini chumvi pekee haishibishi. Kijana ajifunze pia lugha kubwa, kama C.

Nawe mpwa wangu, usibishane na baba. Tengeneza mchezo mdogo, umwonyeshe.

Tukutane Jumapili ijayo.