Nani Alipie Likizo ya Uzazi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyejifungua likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na akirudi apewe kazi yake au nyingine isiyo duni kuliko ile. Kifungu kizuri. Ila hakikutengewa mfuko wowote: gharama yote imeachiwa mwajiri.

Benki kubwa haitetereki kwa hilo. Anayetetereka ni mwenye duka la dawa Nakuru aliyeajiri watu 10. Mfanyakazi wake wa shilingi 30,000 akienda likizo, tajiri analipa 90,000, kisha anatafuta wa kushika nafasi na kumlipa naye. Hesabu hiyo hupigwa mapema, siku ya usaili. Ni kweli sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtu kwa jinsia au ujauzito, lakini nani atathibitisha kilichopita kichwani mwa mwenye duka? Atasema nafasi imejaa, basi. Kinga ya mwanamke aliyekwisha kuajiriwa inakuwa kizingiti kwa mwenzake anayezungusha barua za maombi, hasa akiwa na miaka 26 na ameolewa juzi.

Wapo wanaotaka wakaguzi zaidi na faini kali zaidi. Faini ina kazi yake kwa anayemfukuza mjamzito, maana hapo kuna barua na tarehe. Kwa ambaye hakuajiriwa kabisa hakuna cha kukagua.

Shirika la Kazi Duniani lililiona hili zamani. Mkataba wake wa uzazi wa mwaka 1919 ulitaka malipo ya mama yatoke katika fedha za umma au mfumo wa bima, na ule wa mwaka 2000 ukarudia kwamba, kwa kawaida, mwajiri mmojammoja asibebeshwe mzigo huo peke yake. Rwanda ilijifunza kwa njia ngumu. Sheria yake ya kazi ya mwaka 2009 ilimpa mama mshahara kamili kwa wiki 6 za kwanza. Akitaka wiki 6 nyingine, anabaki na asilimia 20 tu ya mshahara. Nani aishi Kigali kwa asilimia 20? Wengi walikuwa hawana budi kurudi kazini na kichanga cha mwezi na nusu nyumbani. Mwaka 2016 ukaanzishwa mfuko wa likizo ya uzazi chini ya bodi ya hifadhi ya jamii, RSSB. Mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri kiasi hichohicho, mwanamume kwa mwanamke. Wiki 6 za mwanzo zikabaki kwa mwajiri, za pili zikalipwa na mfuko.

Tuulete mfano huo kwenye mshahara wetu wa 30,000. Asilimia 0.3 ni shilingi 90 kwa mwezi. Mwenye duka akiwa na watu 10 wa mshahara huo, mchango wake ni 900 kwa mwezi, 10,800 kwa mwaka. Hata tukiutoza maradufu ili mfuko ubebe miezi yote 3, ni 21,600, na analipa kiasi hicho hata akiajiri wanaume watupu. Sababu ya kumkwepa mwanamke inapungua sana.

Najua jibu la Mkenya: makato tena? Mshahara huohuo tayari unatoa 450 za ushuru wa nyumba na 825 za bima ya afya ya SHIF, na mwaka 2024 watu walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Kwa hiyo nasema isiongezwe hata senti. Imegwe kwenye ushuru wa nyumba. Asilimia 0.3 ni sehemu moja tu kati ya tano za ile 1.5 anayokatwa mfanyakazi na ile 1.5 ya mwajiri. Bunge linaweza kubishana kama ghorofa ni muhimu kuliko mama mzazi. Ningependa kuusikia mjadala huo.

Serikali hujitetea kwamba imekwisha kuwawekea wanawake fedha: hazina ya mikopo ya mwaka 2007, Hazina ya Uwezo, kisha Hasla mwaka 2022. Siidharau mikopo. Lakini mkopo hurudishwa na aliyekopa, na haumsaidii kitu anayetafuta ajira ya mshahara.

Fedha za Hazina Kuu zenyewe ningezipeleka kusikofikiwa na makato. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi: mama mboga, msusi, yaya, kibarua. Mpango wa Linda Mama uligharimia kujifungua, haukugharimia wiki za kukaa nyumbani baadaye. Inua Jamii tayari inawatumia wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo njia ya kufikisha fedha ipo, na kliniki inajua nani amejifungua na lini. Kiasi hichohicho kwa miezi 3 ni shilingi 6,000 kwa kila mama. Ni kidogo, lakini msusi ambaye leo anarudi kibandani kabla kidonda hakijapona ataanza na kitu.