Simu za chanjo zisirefushe foleni



Nami nina maoni kuhusu jambo linalozungumzwa sana siku hizi, yaani matumizi ya programu za simu katika kampeni za chanjo. Sisi walimu wa vijijini linatuhusu, kwa kuwa kampeni nyingi hufanyika shuleni. Madarasa yetu hugeuka vituo, madawati yetu huwa meza za wahudumu, na orodha za watoto hutoka katika rejesta zetu.

Kwanza nieleweke kwamba sipingi simu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na chanjo ni mali ya taifa. Hesabu za karatasi huchelewa kufika wilayani, na jumla ikikosewa kijijini kosa husafiri nalo hadi juu. Aidha, ikibidi kufuatilia dawa za toleo fulani, si kazi nyepesi kupekua marundo ya karatasi ili kujua zilitumika wapi. Simu inaweza kuondoa matatizo hayo yote. Swali langu ni moja tu: programu hiyo hutengenezwa kwa kumfikiria nani? Ni mtu wa ofisini anayesubiri takwimu, au ni mhudumu mwenye foleni mbele yake?

Tupige hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nne anaiweza. Tuseme kituo kina watoto 300 na mwandikishaji mmoja. Kama programu inadai dakika 2 kwa kila mtoto, hizo ni dakika 600, yaani saa 10 bila kupumzika. Kama inadai nusu dakika, ni saa 2 na nusu. Sindano yenyewe huchukua muda mfupi mno. Kwa hiyo anayeamua urefu wa foleni si mchanjaji, bali ni yule mtaalamu aliyekaa mjini akaongeza maswali katika programu. Kila swali analoongeza hulipwa na mama aliyesimama juani na mtoto mgongoni, na mama huyo akichoka huondoka.

Hasara haiishii hapo. Vichupa vingi vya chanjo ya surua na rubela huwa na dozi 10. Kichupa kikishachanganywa hutakiwa kitumike ndani ya saa 6, na kinachobaki humwagwa. Uandikishaji ukisuasua, vichupa hufunguliwa na watoto hawajafika mezani. Hivyo programu mbaya haipotezi muda tu, bali hupoteza na dawa.

Ndiyo maana nasema kwamba programu lazima ifuate aina ya chanjo. Katika kampeni ya surua na rubela ya Februari 2024, mtoto wa umri uliolengwa alipewa dozi hata kama alikwisha kuchanjwa kliniki. Kwa kampeni ya namna hiyo, yanayohitajika pale mezani ni machache: umri wa mtoto, toleo la dawa, na kwamba amepata. Lakini chanjo yenye dozi ya pili ni jambo lingine. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana mwaka 2018, ilikuwa ya dozi mbili. Binti aliyehama shule katikati alipaswa kutafutwa, na bila jina na kijiji chake angetafutwa vipi? Tangu mwaka 2024 imekuwa dozi moja, na mzigo huo wa kutafutana umepungua. Programu inayouliza maswali yale yale kwa chanjo zote haijui inachokitafuta.

Mtu anaweza kuuliza: pasipo majina, tutamjuaje mtoto ambaye hajawahi kuchanjwa hata mara moja? Hoja hiyo ni ya kweli, na mtoto huyo ndiye anayetupasa kumhangaikia kuliko wote. Lakini mtoto huyo hapatikani kwa kumhoji aliyekwisha kufika kituoni. Hupatikana kwa kazi ya kabla: mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa jamii na mwalimu wakae na orodha zao, majina yaingizwe katika simu kwa utulivu wiki moja kabla, na siku yenyewe mwandikishaji aweke alama tu. Jioni, majina yasiyo na alama ndiyo ya kufuatwa nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo simu inapoishinda karatasi kwa mbali.

Tujifunze pia kwa wenzetu. India ilianzisha mfumo wake wa chanjo ya UVIKO-19, uitwao CoWIN, Januari 2021, na mfumo huo ulikuja kubeba kumbukumbu za dozi zaidi ya bilioni mbili. Hilo si jambo dogo. Lakini Mei 2021, chanjo ilipofunguliwa kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 44, sharti lilikuwa kujiandikisha kwanza kwa mtandao. Vijana wa mjini wenye simu nzuri walizinyakua nafasi, wengine wakasafiri hadi vituo vya vijijini, huku wenyeji wa vijiji hivyo wakiwa hawana pa kujiandikishia. Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ilihoji utaratibu huo, na kabla mwezi huo haujaisha serikali iliruhusu watu wa umri huo nao waandikishwe pale pale katika vituo vyake. Yaani sharti moja tu ndani ya programu lilitosha kuamua nani apate sindano na nani akose.

Hapa kwetu hatuanzi sifuri. Wizara ya Afya hutumia mfumo wa takwimu wa DHIS2, ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga. Programu yake ya simu inaweza kuhifadhi taarifa pasipo mtandao na kuzituma mtandao ukipatikana. Kwa hiyo hakuna sababu ya mhudumu kupanda kichuguu akitafuta mawimbi huku watoto wakingoja.

Kwa maoni yangu, wahusika wayazingatie mambo manne. Kwanza, programu ijaribiwe katika kituo cha kijijini, siku ya foleni ya kweli, saa mkononi, kabla haijasambazwa. Pili, karatasi ibaki kama akiba ya siku betri inapokufa, lakini mhudumu asilazimishwe kuandika kila mtoto mara mbili, kwenye karatasi na kwenye simu. Hiyo ni adhabu, si maendeleo. Tatu, majina ya watoto yalindwe, maana simu hupotea, na mzazi ana haki ya kujua jina la mwanawe limekwenda wapi. Nne, takwimu zirudi kijijini. Tumezoea kutoa hesabu tusizorudishiwa. Serikali ya kijiji ikiambiwa kwamba kitongoji fulani kimebaki nyuma, itajua pa kwenda kesho yake.

Zaidi ya yote, lisiwepo sharti lolote ndani ya simu linaloweza kumrudisha mtoto nyumbani bila chanjo. Namba ya kitambulisho ikikosekana, tarehe ya kuzaliwa ikisahauliwa, jina likiandikwa tofauti na la kwenye kadi, achanjwe kwanza, kumbukumbu zirekebishwe baadaye. Jina lililokosewa hurekebishwa kwa kalamu. Surua ikishaingia kijijini, kalamu haifui dafu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rukwa.