Kianzio cha ukumbi kina mwenyewe hadi siku ya harusi

Ukumbi wa harusi hulipiwa miezi sita, pengine mwaka mzima, kabla ya kutumika, na hutumika kwa saa chache za usiku mmoja. Kamati inaundwa, kadi za mchango zinachapwa, mweka hazina anafungua daftari, na kabla ya nyama, muziki na mpambaji, kinacholipiwa kwanza ni tarehe. Mwenye ukumbi hashiki tarehe kwa maneno matupu. Anataka kianzio, mara nyingi nusu ya bei. Meseji ya muamala ikishaingia kwenye simu yake, hela ile inakuwa yake. Anaweza kulipia umeme wa mwezi huu, kodi ya pango, mishahara, hata deni la benki la mwaka jana. Maharusi wamebaki na risiti na ahadi. Kosa liko hapo, na halitaondoka kwa kuwahimiza watu wawe makini. Kianzio kinapaswa kuendelea kuwa mali ya aliyekitoa mpaka huduma itolewe, na anayeusafirisha muamala huo kwa ada anapaswa kubeba sehemu ya wajibu wa kuhakikisha hivyo.

Ukumbi ukifilisika, wanaodai hawalipwi kwa kufuata nani aliumia zaidi. Benki iliyoshika hati ya jengo au magari hujichukulia dhamana yake. Gharama za mfilisi hutolewa, mishahara ya wafanyakazi na madai ya kodi yana nafasi yake, na wasio na dhamana yoyote hugawana kilichobaki, kama kimebaki. Maharusi wamo katika kundi hilo la mwisho, sawa na muuza mkaa na fundi wa jenereta. Tena mara nyingi jengo lenyewe ni la kupanga, viti na mahema ni vya kukodi, na mali ya kampuni inayoweza kuuzwa ni vyombo vya jikoni na spika mbili. Mwenye risiti ya milioni mbili anaweza kusubiri miaka na kupata sehemu ndogo sana ya hela yake, au asipate kitu.

Wapo wanaosema mteja angechunguza kabla ya kulipa. Uchunguzi una mipaka yake. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara hapa Tanzania, utakuambia kampuni ipo na ni ya nani. Hautakuambia kwamba inadaiwa pango la miezi minane. Nchini Marekani, kampuni ya Noah's Event Venue ya Utah, iliyokuwa na kumbi katika majimbo mengi, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Mei 2019. Iliendelea kufanya shughuli huku kesi ikiendelea, mpaka Februari 2020 kumbi zilipofungwa na maharusi wa majimbo mbalimbali wakajikuta hawana mahali pa kwenda wiki chache kabla ya siku yao. Kumbi zile zilikuwa na taa, zulia na wafanyakazi wanaotabasamu. Kama mtu anaweza kupotea hivyo katika nchi ambako kesi ya kufilisika ni kumbukumbu iliyo wazi kwa umma, mweka hazina wa kamati ya Tabata au Kijitonyama ana silaha gani?

Waliolipa kwa kadi wana njia nyingine, na inafaa tuielewe vizuri maana ndiyo inayobeba hoja nzima. Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard hahitaji kumkimbiza mwenye ukumbi wala mfilisi. Anakwenda kwenye benki yake mwenyewe na kudai muamala urudishwe kwa sababu huduma haikutolewa. Benki yake inaidai benki iliyompa mwenye ukumbi mashine ya kadi, na benki hiyo ndiyo inayobaki na hasara kama mteja wake hayupo tena. Kwa hiyo benki za namna hiyo huwachunguza wafanyabiashara wanaopokea malipo ya mbele, na wengine huwazuilia sehemu ya fedha zao kama akiba. Kawaida dai lifikishwe ndani ya siku 120 tangu siku ambayo huduma ilitakiwa kutolewa, au tangu mteja ajue haitatolewa, na isizidi siku 540 tangu kulipa. Kanuni hizi ni za mitandao ya kadi yenyewe, kwa hiyo zinagusa pia kadi zinazotolewa na benki zetu. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mikopo ya walaji ya 1974, kifungu cha 75, inamfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike bega kwa bega na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyopita pauni 30,000. Hata kama kadi ililipia kianzio tu na salio likalipwa kwa njia nyingine, dai linaweza kuwa la bei yote. Sheria hiyo imevuka nusu karne, na benki za Uingereza bado zinatoa kadi.

Njia hiyo nayo ina nyufa, na moja inatuhusu sana. Kifungu cha 75 kinataka mwenye kadi awe ndiye aliyeingia mkataba na muuzaji. Mama akilipa kwa kadi yake ukumbi ambao mkataba wake uko kwa jina la binti, dai linaweza kukataliwa. Sasa tazama harusi zetu: anayechanga ni mjomba wa Moshi na mfanyakazi mwenza wa Kariakoo, anayepokea ni mweka hazina, anayelipa ukumbi ni mwenyekiti wa kamati kutoka kwenye simu yake, na mkataba una jina la bwana harusi. Sheria iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka London ingewaacha nje wote. Zaidi ya hapo, wengi wetu hatulipi ukumbi kwa kadi kabisa. Tunalipa kwa simu au taslimu. Huduma ya kurudisha muamala wa simu ilitengenezwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikumlenga aliyelipa namba sahihi ya mfanyabiashara ambaye baadaye alifunga milango.

Lakini msingi wa dawa tunao, tena tumeuzoea kuliko Waingereza. Hela iliyomo kwenye simu yako si mali ya kampuni ya simu. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni zake, kampuni inayotoa fedha za kielektroniki lazima iweke benki, katika akaunti ya amana, fedha zinazolingana na salio la wateja wake wote. Lengo ni kwamba kampuni ikianguka, wadai wake wasiweze kuzigusa. Tulikubali kanuni hiyo kwa salio la elfu tano la mama ntilie. Sioni kwa nini tuiache njiani pale elfu tano hiyo inapogeuka mchango, mchango unapogeuka kianzio, na kianzio kinapokaa miezi minane kwenye mfuko wa mtu ambaye bado hajapanga hata kiti kimoja. Namba ya malipo ya ukumbi iwe ya amana: fedha zionekane kwa pande zote mbili, zisitoke mpaka siku ya shughuli, na ukumbi ukifungwa kabla, zirudi kwa namba zilikotoka.

Wenye kumbi watasema kianzio ndicho kinachowaendesha. Nawaelewa, na ndicho kinachonitia wasiwasi. Ukumbi unaolipa mishahara ya leo kwa hela ya harusi ya Desemba tayari unakopa kwa maharusi bila riba na bila kuwaambia. Gharama halisi za harusi, vinywaji, wapishi, usafi, huja wiki ya mwisho, kwa hiyo sehemu ya fedha inaweza kuachiwa wakati huo. Hofu yao nyingine ni ya haki: maharusi wakighairi, tarehe imeshapotea. Hapo amana inamlinda mwenye ukumbi pia, maana alichoandika kwenye mkataba kuwa ni chake mteja akighairi atakipata kilipo, bila kufukuzana na kamati iliyovunjika. Kuhusu ada, ambayo benki na kampuni za simu zitaitaja mapema, fedha zinazolala benki miezi sita huzaa riba, na riba hiyo ianze kubeba gharama kabla hatujamgeukia mteja. Na anayedhani harusi ni anasa isiyohitaji sheria akumbuke kwamba hela ile haikutoka kwa mtu mmoja mwenye uwezo. Imetoka elfu ishirini ishirini, kwa watu ambao wengine walikopa ili wasionekane wameutupa undugu.

Mpaka hilo lifanyike, kamati ambayo mmoja wake ana kadi ya benki ilipie ukumbi kwa kadi hiyo, jina la kadi na la mkataba liwe moja, na huduma inayolipiwa iandikwe na tarehe yake. Ukumbi ukifungwa, mwenye kadi aende benki kwake wiki hiyohiyo akiwa na mkataba, risiti ya EFD na picha ya tangazo lililobandikwa getini. Benki Kuu na Tume ya Ushindani, kwa upande wao, zinaweza kuanza na jambo dogo kabisa: kubadili maneno ya meseji anayopata mweka hazina akishalipa. Leo inasema fedha zimepokelewa na jina la ukumbi. Ingetakiwa isome kwamba zimehifadhiwa, na kwamba ukumbi utazichukua tarehe ya harusi.