Saa ya Mashine na Saa Yetu

Lugha ikikosa neno hupewa neno, na hilo si aibu. Lakini lugha yenye neno ikiambiwa kuwa haina, hiyo ni dhuluma. Dhuluma ya namna hii yatendwa leo juu ya saa za Kiswahili, nayo yatendwa na watu wapole, wenye elimu, wasiokusudia ubaya wowote. Nataka kuieleza kwa mfano niliouona kwa macho yangu, kisha niwajibu wale wanaoitetea.

Miaka michache iliyopita nilikuwa wilayani Ngara, nyumbani kwa shangazi yangu, mkulima wa kahawa. Usiku, watu wote wakiwa wamelala, simu yake ililia. Katika vijiji vyetu, tangu Ngara hata Biharamulo, simu ya saa kama hizo haidhaniwi kuwa ya heri. Shangazi aliketi kitandani akaniita, "Mwanangu, nani amefariki?" Nikausoma ujumbe. Hakuna aliyefariki. Chama kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja, kilikuwa kikiwakumbusha wanachama wake siku ya kupima kahawa. Ilikuwa saa nane kamili ya usiku, na katika nyumba za jirani taa zilikuwa zimekwisha washwa.

Kulipokucha nilimtafuta kijana aliyeipanga kazi ile. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alitaka ujumbe uende wenyewe kila Jumatatu saa mbili ya asubuhi, na kwa hiyo aliiandikia kompyuta agizo hili: 0 2 * * 1. Programu ipokeayo maagizo ya namna hiyo huitwa kroni. Ilienea pamoja na toleo la 7 la Unix, lililotolewa Marekani na Bell Labs mwaka 1979. Agizo lake lina nafasi 5: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Nyota husimama mahali pa neno "kila". Kijana aliweka dakika 0, saa 2, kila tarehe, kila mwezi, siku ya Jumatatu. Mashine ilimtii barabara. Lakini mashine huzihesabu saa kutoka katikati ya usiku, tangu 0 hata 23, na 2 yake ni saa nane yetu ya usiku.

Niliposimulia habari hii mbele ya wasomi wenzangu, mmoja alicheka, akasema: "Dawa ni moja tu. Waswahili waache saa zao, wahesabu kama ulimwengu unavyohesabu." Wengi waliafiki. Rai hii ndiyo ninayoipinga.

Kwanza, rai hii humlaumu asiye na kosa. Shangazi yangu hakukosea. Kijana alifikiri kwa lugha yake, kama apasavyo kila mwenye akili, na hakuna somo hata moja lililomwonya kwamba mbili ya kinywani mwake si 2 ya mashine. Aliyekosa ni mwalimu aliyemfundisha nafasi zile 5 kana kwamba wanafunzi wote wamezaliwa wakihesabu saa kutoka katikati ya usiku.

Pili, rai hii hudhani kuwa saa zetu ni za kubabaisha. La hasha! Zina kanuni, na kanuni yake yaweza kufundishwa kabla chai haijapoa. Tangu saa moja ya asubuhi hata saa kumi na mbili ya jioni, ongeza 6: saa mbili ya asubuhi ni 8. Tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na mbili ya alfajiri, ongeza 18, na ukifika 24 au ukipita, toa 24: saa nane ya usiku ni 26, toa 24, yabaki 2. Basi. Kanuni yenye mistari miwili haiwezi kuishinda mashine ifanyayo hesabu milioni kadha wa kadha kufumba na kufumbua. Kinachokosekana ni mtu wa kuiandika kanuni hiyo katika programu.

Tatu, kuna mahali ambapo lugha yetu ni makini kuliko agizo la mashine. Mtu akiiambia kroni ifanye kazi "usiku wa Ijumaa saa nane", naye akaweka 5, ambayo ni alama ya Ijumaa, kazi itafanyika usiku mmoja mapema kuliko alivyotaka, kwa sababu siku ya mashine hugeuka saa sita ya usiku, nasi tungali katika usiku ule ule. Kiswahili kina tamko la kuondoa shaka hiyo: usiku wa kuamkia Jumamosi. Neno hilo "kuamkia" lautaja usiku na siku inayoufuata kwa pamoja. Kadhalika siku za juma: mashine humwita Jumapili 0 na Jumatatu 1, sisi Jumamosi ndiyo mosi, na Jumatatu yabeba tatu katika jina lake. Mwanafunzi asipoonywa, ataandika 3, na kazi yake itafanyika Jumatano.

Sitaki kudai zaidi ya haki. Mpinzani aweza kuniambia kwamba hata saa yetu hailingani na jua la Ngara, naye atakuwa amesema kweli. Saa za Tanzania hufuata longitudo 45, iliyo mashariki ya pwani yetu, na Ngara iko karibu na longitudo 31. Kwa hiyo jua la huko huchomoza saa moja kasorobo hivi, si saa kumi na mbili. Aweza kunipeleka hata Rusumo, penye daraja la kuvukia kwenda Rwanda, au Kabanga, penye njia ya Burundi. Ng'ambo zote mbili saa iko nyuma yetu kwa saa 1: hapa ni saa nne, pale ni saa tatu. Lakini tazama jambo hili: mtu wa ng'ambo naye, kwa Kinyarwanda au Kirundi, huihesabu saa ya kwanza ya mchana kuwa moja, kama sisi. Mpaka umetutenga kwa saa 1. Namna ya kuhesabu haikututenga. Mashine imefunzwa kuijua tofauti ile ya mpakani. Ukiitajia Dar es Salaam, yajua kuwa saa zake ziko 3 mbele ya saa za ulimwengu. Ukiitajia Kigali, yajua kuwa ni 2. Iliyoweza kufunzwa mpaka yashindwaje kufunzwa hesabu ya watu wakaao pande zote mbili za mpaka?

Wala sisemi kwamba hesabu ya 0 hata 23 ni mbaya. Ndani ya mashine ni nzuri, kwa kuwa haina mashaka ya asubuhi na usiku. Ikae humo. Ubaya huanza inapotoka ndani ikavaa kanzu ya Kiswahili: mtu aonapo "8:00" akaandika "saa 8:00", na wanakijiji wakafika mkutanoni saa nane ya mchana, viti vimekwisha kukunjwa. Hiyo si tafsiri. Ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa juu ya fikira ya wengine.

Basi nayataka mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu. Walimu wa kompyuta waifundishe kanuni ya 6 na 18 siku ile ile wanapofundisha nafasi 5 za kroni. Watengenezaji wa programu wampe mtu wetu nafasi ya kuandika "kila Jumatatu saa mbili ya asubuhi", nayo mashine igeuze yenyewe kuwa 0 8 * * 1, kisha imsomee kwa Kiswahili ilichofahamu kabla ya kutenda. Na sisi wa Kiswahili tuache kuandika saa bila kutaja asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, maana uzembe huo ni wetu, hatuwezi kumtwika mwingine.

Mashine ilifanywa imtumikie mwanadamu. Mkulima wa Bugufi hana deni la kujifunza saa za mtumishi wake. Mtumishi ndiye apaswaye kujifunza saa za nyumba anayoitumikia. Hata itakapokuwa hivyo, shangazi yangu ataendelea kuizima simu yake kila alalapo, kama afanyavyo tangu usiku ule, na siku itakapokuja habari ya msiba wa kweli, haitamfikia mpaka asubuhi.