Mwili wa Bi Harusi Hauna Saizi ya Dukani



Mfunguo Mosi ukikaribia, sisi tunaoshona magauni ya harusi huwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kushona. Ya pili ni kufumua tulichokwisha kushona, kwa sababu bi harusi tuliyempima mwezi uliopita siye huyu anayekuja kujaribu gauni leo. Kifua kimepungua, tumbo liko palepale, macho yameingia ndani, na akipanda ngazi tatu za barazani anahema. Ukimuuliza kulikoni, anatoa simu na kukuonyesha programu ya mazoezi ya siku 21, "maalumu kwa wenye umbo lako".

Biashara hiyo tunaipinga, na leo tunaipinga waziwazi.

Inavyokwenda ni hivi. Unapeleka picha yako umevaa nguo ya kubana. Unaambiwa wewe ni tufaha, au peari, au namba nane. Wanaotaka kuonekana wamesoma watakwambia wewe ni ektomofu, yaani mwembamba, au mesomofu mwenye misuli, au endomofu mnene. Kila kapu lina ratiba yake. Mnene aruke kamba mpaka miguu iishe nguvu, mwembamba asikimbie kabisa, wa tumbo alale chini ainuke mara mia. Ada unalipa kwa simu. Hakuna aliyekuuliza kama una pumu, kama goti linakuuma, wala kama damu yako ni pungufu.

Hayo majina ya kisomi yalianza na William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1940. Hakuwa mwalimu wa mazoezi. Alipanga picha za maelfu ya wanafunzi wa vyuo waliopigwa wakiwa uchi, akaamini kwamba umbo la mtu linaonyesha tabia yake. Nadharia hiyo ya tabia wataalamu wameshaitupa. Makapu yake matatu ndiyo yaliyobaki, na leo wanauziwa mabi harusi wa Kiislamu, tena kwa kudaiwa picha vilevile. Dada, unayejisitiri ukitoka mlangoni, ile picha umempelekea nani, na ameihifadhi wapi?

Tuseme kwa lugha ya kazi yetu. Fundi akikutazama tu, akasema "wewe mnene", akashika mkasi, utamwachia kitambaa chako? Hutomwachia. Utamwambia achukue futi kwanza. Wanawake wawili wanaweza kuwa na nyonga ya inchi 42 wote, lakini mmoja mabega mapana na mwingine membamba, mmoja mgongo umenyooka na mwingine umepinda kidogo. Ukiwakatia gauni moja, mmoja ataharibikiwa. Na futi yenyewe ina mwisho wake. Haionyeshi nani alijifungua miezi minne iliyopita, nani anafanya kazi ya kusimama kutwa nzima, nani hajawahi kukimbia tangu atoke skuli. Mambo hayo huyajui mpaka uulize.

Watatujibu kwamba umbo lina maana katika michezo, kwamba mrusha tufe hafanani na mkimbia marathoni. Ni kweli, mchezo mmoja na mwingine huchagua miili tofauti. Lakini tazameni mbio za mita 100. Usain Bolt ana urefu wa mita 1.95. Shelly-Ann Fraser-Pryce ana mita 1.52. Wote ni wa Jamaika, na wote walishinda dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Beijing 2008 na ya London 2012. Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, na mazoezi yake yaliwekwa maalumu kuimarisha mgongo na misuli ya kiuno. Shelly-Ann alijifungua mwaka 2017, na mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia mjini Doha. Makocha wao hawakuwafunza kapu. Walimfunza mtu mmoja mmoja, na mwili wake, na historia yake.

Kuna na ushahidi wa maabara. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti wa HERITAGE, ulioongozwa na Claude Bouchard. Watu 481 wa familia 98, wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, waliendeshwa baiskeli za ndani kwa wiki 20 kwa mpango mmoja. Pumzi na uwezo wa mwili kutumia oksijeni viliongezeka sana kwa baadhi yao, na kwa wengine havikuongezeka takriban chochote. Umri na jinsia vilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo, na watu wa familia moja walielekea kufanana. Ikiwa wataalamu wenye mashine walihitaji wiki 20 kujua mwili wa mtu unajibu vipi, huyu wa kwenye simu amejuaje kwa picha moja?

Na hili la kulala chini na kuinuka ili tumbo liishe, tuliseme liishe sisi. Mazoezi ya tumbo yanatia nguvu misuli ya tumbo. Hayachagui mafuta ya kuondoa. Mwili unapopungua, unapungua pale unapotaka wenyewe, ndiyo maana sisi tunakuta kifua kimekwenda na tumbo limebaki.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliwashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Halikutaja tufaha wala peari. Anza na unachokiweza, hata iwe kutembea dakika kumi baada ya sala ya alfajiri. Mwenye pumu, presha, ugonjwa wa moyo, mimba au aliyejifungua karibuni amuone daktari kwanza. Anayekufundisha akuulize maradhi yako, kazi yako, usingizi wako na nguvu ulizonazo leo. Baada ya wiki tatu au nne akupime tena na abadilishe, kama sisi tunavyokuita kujaribu gauni kabla ya kulimaliza. Asiyeuliza wala kupima tena, usimlipe.

Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akashinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, walishindana tena na Mtume akashinda. Mapokezi hayo yako kwa Abu Daud. Kuongezeka mwili hakukumtoa Bi Aisha mbioni, wala hakukuwa aibu yake.

Basi nyinyi mashangazi, masomo na mawifi, mwacheni bi harusi ale. Msimhesabie matonge wala msimtajie kiuno cha fulani. Kama gauni linabana, lileteni kwetu. Tunaacha nafasi kwenye mshono makusudi, na kulegeza gauni ni kazi ya mchana mmoja. Kumrudishia msichana afya yake hatuna uzi wa kuishonea.

Allah awape mabi harusi wetu afya, sitara na ndoa zenye kheri. Amin.