Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Forodha

Mheshimiwa,

Naomba idhini nikukumbushe kadhia ya kasha letu la barafu, ambalo maofisa wako walilizuia katika ghala la mabati hapo bandarini tulipopakia, kwa sababu mwenye kutia sahihi alikwisha kuondoka Ijumaa adhuhuri wala hakuacha naibu.

Ndani yake mlikuwamo oksitosini, dawa ya kuzuia damu kwa mzazi, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa ukunga ili niende nayo Nzuwani, katika Visiwa vya Komoro, ambako likizo yangu niliitoa sadaka kwa zahanati ya kijiji. Dawa hiyo hutaka baridi ya digrii 2 hadi 8, na joto likiiharibu haigeuki rangi wala harufu: kichupa hubaki safi kama maji ya mvua, na mkunga hana la kuamini ila barafu yake. Yetu ilikwisha kuwa maji ya vuguvugu. Vichupa vyote nikavitupa.

Basi huko Nzuwani wazazi wakazaa pasipo dawa. Mmoja wao, kondo lilipokwisha kutoka, damu ikafuata hata ikalilowesha godoro ikadondoka sakafuni, nami nikimkanda tumbo la uzazi kwa nguvu zangu zote, ilhali sindano moja ya yuniti 10, ikidungwa pajani mara mtoto azaliwapo, aghalabu hulikinga balaa hilo. Vidonge vya misoprostoli vya kuazima ndivyo vilivyomnusuru. Damu ile, Mheshimiwa, ilimwagika kwa kukosa sahihi.

Nduguye, naye mja mzito, aliposhuhudia damu ile akaapa kwenda kuzalia Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Mfaransa, yaani apande mashua ya kwasakwasa usiku, avuke kilomita zipatazo 70 za bahari iliyokwisha kumeza watu wengi, akimbilie hospitali ya huko. Sikuwa na hoja ya kumzuia. Hoja yangu ilioza ghalani mwako.

Insafu yanilazimu niseme kwamba si kila kitu kilizembewa: ushuru wa ghala tulitozwa kamili, na risiti imeandikwa kwa hati nzuri mno.

Nataka awepo ofisa wa kupitisha dawa za baridi kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwamo, na friji ghalani inayofanya kazi. Wala lawama si yako peke yako: serikali zetu za pwani hii zimezoea kumpokea mwenye shehena ya runinga kwa bashasha na kumkalisha mwenye dawa kibarazani. Tena ushuru ule naudai urudishwe, maana hapakuhifadhiwa kitu.

Mimi, mkunga wa kujitolea.