Shokapu Mbili, Si Moja

Baadhi ya wazee wetu hapa Barking bado wana Defender za zamani. Shokapu ikivuja mafuta, wanabadilisha hiyo moja tu. Hatukubaliani nao. Kulia mpya, kushoto imechoka: ukifunga breki ghafla kwenye A13 gari linayumba. Zibadilishwe zote mbili za ekseli ileile.

Na gari likilala upande mmoja, shokapu mpya haitalinyanyua. Mzigo hubebwa na springi. Shokapu hutuliza mdundo tu. Springi iliyovunjika hata MOT haipiti.

Zile springi ndefu za kuinua gari ni za nini, matuta ya mtaani? Pesa hiyo inunue bushi.

Wajomba watasema sisi watoto wa Ulaya tunajua nini. Shikamooni, lakini kiti cha nyuma tunakaa sisi.